Subaru, RX-8 au Altezza? Lala chini ya gari kwanza

Swali: "Asalaam aleikum mzee wangu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Wete na kazi yangu iko Chake Chake. Tangu mdogo napenda magari ya kasi, na sasa nimejaaliwa kuweka shilingi milioni 15. Kuna magari matatu nimeyaona Unguja: Subaru Impreza WRX ya 2001, Mazda RX-8 ya 2004 na Toyota Altezza ya 2000. Rafiki zangu wote wanasema Subaru. Hili ndilo gari langu la kwanza na ndilo nitakalolitumia kila siku. Nichukue lipi, na nitajuaje kama siuziwi mbuzi kwenye gunia?"

Jibu: Waalaikum salaam mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonishika ni yale maneno yako ya mwisho, kwamba ndilo gari utakalolitumia kila siku. Mwenye gari jingine nyumbani anaweza kununua la ndoto yake, likalala wiki tatu likingoja spea kutoka Dar es Salaam, na yeye asitaabike. Wewe siku litakapolala utakuwa kituoni alfajiri unagombea daladala ya Chake, na likilala mara tatu utaliuza kwa hasara huku ukilichukia. Kwa hiyo nakujibu kabisa: chukua Altezza. Na katika Altezza, chukua yenye chuma kizima, hata ikiwa ni ile yenye injini ya kawaida. Najua jibu hili halitakukolea mara moja, ndiyo maana nataka nikueleze kwa kituo.

Mwaka 1999 nilinunua gari langu la kwanza la namna hii, Toyota MR2 ya 1987, nyekundu, injini nyuma ya viti. Nililikagua baada ya isha, kwa taa ya barazani. Rangi iling'aa mpaka nikaona uso wangu kwenye mlango. Injini yake, 4A-GE ya lita 1.6, ilikuwa ikiwaka kwa nusu mguso na ikipanda mlio kama cherehani. Miezi miwili baadaye nikapata pancha mbele ya nyumba. Nikaweka jeki pale pale ilipochongewa pahala pake, chini ya kizingiti cha mlango, nikaanza kuzungusha. Jeki ilipanda, gari halikupanda. Nikasikia sauti kama ya biskuti inayovunjwa taratibu, na kichwa cha jeki kikazama ndani ya kizingiti. Nilipobandua kwa bisibisi nikakuta puti, ule udongo wa kuzibia bodi, nene kama kidole, chini ya puti wavu wa waya, na chini ya wavu kurasa za gazeti zilizokunjwa na kushindiliwa. Chuma hakikuwapo. Ile injini iliendelea kuwaka vizuri mpaka siku niliyoiuza peke yake, kwa sababu haikuwa na gari la kukaa.

Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia jambo moja: visiwani kwetu unanunua bodi, injini unapewa juu yake. Injini iliyokufa fundi anaishusha, unaagiza nyingine iliyotumika kutoka Kariakoo au Ilala, inavuka na boti, na ndani ya wiki unaendesha. Chesisi iliyooza hakuna duka linalouza nyingine. Na hapa kwetu kila kitu kinaozesha. Hewa ina chumvi mwaka mzima, kusi ikivuma inapeleka unyevu wa bahari mpaka ndani ya mashamba, masika inalowesha na jua linapika. Gari lililokaa miaka mitano Paje au Nungwi, hatua chache na mchanga, linaweza kuwa limezeeka chini kuliko lililokaa miaka 15 katikati ya kisiwa.

Sasa tuje kwenye hayo matatu. Subaru rafiki zako hawakosei kuisifu. Ina injini ya EJ20, silinda nne zimelala ubavuni, mbili kulia na mbili kushoto, ina turbo, na nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne. Kwa kona na vilima vya Pemba wakati wa mvua, hayo mengine mawili hayatalifuata. Tatizo ni maisha lililoyapitia. Gari la turbo lenye zaidi ya miaka 20 limeshapita kwenye mikono mingi, na karibu kila mkono ulitaka kuliongeza kidogo: mmoja kabadilisha bomba la moshi, wa pili kapandisha presha ya turbo, wa tatu kang'oa boksi la filta ya hewa ili lilie vizuri. Hewa inayoingia inazidi, petroli haiendi nayo sawa, injini inaanza kugonga ndani, na mwisho wake ni pistoni au beringi za krenki. Ukilikuta ambalo halijaguswa, lina kila kitu cha kiwandani na mwenyewe ana kumbukumbu za kubadilisha oili, hilo ni gari zuri sana na mimi mwenyewe ningelitamani. Kwa milioni 15 si rahisi ulikute. Halafu kuna jambo ambalo rafiki zako hawajakwambia: kwa kuwa linavuta magurudumu manne, matairi yake lazima yawe ya saizi moja na yamelika karibu sawa, la sivyo difu ya katikati inafanya kazi isiyo yake. Tairi moja likichanika kwenye shimo, huenda ukanunua manne.

RX-8 ni gari ninaloliheshimu, na ndilo ninalokukataza kwa mkazo zaidi. Halina pistoni. Ndani yake mna rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba ya kuzuia mgandamizo usivuje. Sili hizo zinalainishwa kwa oili inayoingizwa makusudi ndani ya chumba cha moto na kuungua, ndivyo lilivyoundwa. Asiyejua hungoja taa ya oili iwake, na taa ikiwaka huenda sili zimeshakwaruzika. Zikichoka, gari huwaka vizuri asubuhi likiwa baridi, ukifika Chake ukazima kwa dakika kumi kununua mkate, haliwaki tena mpaka lipoe. Tena halipendi kuwashwa, kusogezwa hatua kumi na kuzimwa, maana petroli hujaa ndani likagoma. Kupima mgandamizo wake kunahitaji kipimo maalumu kinachosoma pande zote tatu za kila rota, na kipimo cha kawaida cha gereji kitakudanganya. Fundi wako wa Wete mpe Corolla uone maajabu yake, lakini rota hajaifungua, na si haki kumfanya ajifunzie kwenye akiba yako.

Imebaki Altezza. Ilitoka Japani mwaka 1998 ikaendelea mpaka 2005, na nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, injini iko mbele, uzito umegawika vizuri, na zipo zenye gia za mkono, sita. Humo ndimo mtu anapojifunza kuendesha kwa raha: unahisi sehemu ya mbele inavyoingia kwenye kona na ya nyuma inavyoisindikiza.

Ziko mbili, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, nguvu za farasi 210 kwa yenye gia za mkono, na nguvu hizo zinapatikana kwenye mizunguko 7,600 ya injini kwa dakika. AS200 ina 1G-FE, silinda sita, nguvu za farasi 160. Kwa karatasi, mtu yeyote atachukua ya kwanza. Lakini jiulize ni wapi kati ya Wete na Mkoani utakapofikisha mizunguko 7,600 bila ya kukutana na tuta, mbuzi au mtoto wa skuli. Tena RS200 mgandamizo wake ni mkubwa na iliundiwa petroli ya oktani ya juu kama ile ya Japani. AS200 inavuta kwa upole tangu chini, mlio wake wa silinda sita ni mtamu, na injini yake ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Mark II za GX110 na Verossa. Maana yake pampu ya maji, plagi, gasketi na sensa zake zinajulikana na kila muuza spea. Mimi ningechukua AS200 ya gia za mkono, kama ipo, kuliko RS200 iliyochoka.

Usiamini beji ya nyuma, inanunuliwa dukani na kugundishwa kwa gundi. Fungua boneti, tafuta kile kibati chenye namba ya chesisi. Ikianza na SXE10 ni RS200. Ikianza na GXE10 ni AS200. Nimeshaona mtu amelipia RS akaondoka na AS, na hakujua mpaka siku aliyokwenda kununua plagi nne akaambiwa anahitaji sita.

Kukagua, nenda asubuhi kweupe, kusiwe na mvua. Chukua tochi, kipande cha boksi la kulalia, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, na vaa nguo usizozionea huruma. Mwenye gari akikwambia "chini kuko sawa, usijichafue", lala chini haraka zaidi.

Anzia vizingiti vya milango, pande zote mbili, kwa urefu wake wote. Pitisha sumaku taratibu. Ikishika kwa nguvu halafu ikafika pahala ikateleza, hapo pana puti. Gonga kwa kifundo cha kidole: chuma kinalia, puti inanyamaza. Kisha ingia kwenye mapaja ya nyuma, ule ukingo wa juu ya tairi, ukikunjie vidole kwa ndani. Mchanga na chumvi hujikusanya pale na kula kuanzia ndani, kwa hiyo ukiona vipele vidogo vya rangi kwa nje, ndani pameshatoboka. Angalia pahala pa kuwekea jeki. Angalia mabomba membamba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki nyuma, yapitishie ukucha. Yakibanduka magamba, yabadilishwe kabla hujaliendesha hata siku moja, maana bomba hilo likipasuka kwenye mteremko, pedali inazama mpaka sakafuni. Fungua buti, toa tairi la akiba, tia mkono kwenye shimo lake. Maji yaliyotuama humo yanatokana na raba za taa za nyuma au bodi iliyopigwa ikarudishwa. Halafu nyanyua zulia la mbele upande wa abiria, likandamize kwa kiganja, na unuse. Harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi huwezi kuikosea.

Ukikuta chini yote imepakwa rangi nyeusi nzito na bado inang'aa, uliza imepakwa lini na nani. Rangi hiyo ikipakwa juu ya chuma safi ni kinga. Ikipakwa juu ya kutu inafungia maji ndani, na kutu inaendelea kula gizani. Wengine hupaka oili chafu ya injini. Chuma kinapona kidogo, lakini oili inavimbisha na kulainisha bushi za mpira, na baada ya mwaka gari linayumba kama mashua.

Injini, mwambie muuzaji usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba gari lisiwashwe. Ukifika shika boneti na ncha ya bomba la moshi. Zikiwa na joto, huenda wanakuficha tatizo la kuwaka likiwa baridi, kunywa chai nao kisha urudi kesho. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yenye kulanti yanayoingia ndani ya injini. Fungua rejeta ikiwa baridi: maji yenye rangi ya udongo yanakwambia kwamba miaka yote wametia maji matupu badala ya kulanti, ile dawa ya rejeta, na sehemu za ndani zimeliwa. Wakati wa kuendesha, ingiza gia ya nne kwa mwendo mdogo ukanyage mafuta kidogo. Mlio ukipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Na sikiliza boljointi za chini za mbele, vile viungo vinavyoshikilia gurudumu, kwenye matuta, hizo ni ugonjwa wa Altezza. Zikigonga usizicheleweshe hata wiki, maana zikichomoka gurudumu linalala.

Kisha kuna kitu kidogo ambacho mimi hukitafuta kabla ya kuuliza bei. Magari yanayotoka Japani mara nyingi huwa na stika ndogo kwenye chumba cha injini, imeandikwa tarehe na kilomita ambazo mkanda wa taiming ulibadilishwa. Injini zote mbili za Altezza zinatumia mkanda, na huo hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni. Stika ikisema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 118,000 na dashibodi inasoma 94,000, umeshapata jibu la maswali mengi bila ya kumuuliza mtu. Kama gari limeingia karibuni na karatasi yake ya mnada wa Japani ipo, soma ule mchoro wa bodi: W ni pahala palipotengenezwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma. Daraja likiandikwa R, gari lilishapata ajali likatengenezwa.

Makaratasi sitayarefusha. Namba ya chesisi kwenye kadi ifanane na ya kwenye gari, jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na mkabadilishe jina ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, mkiwa wawili kabla hujakabidhi shilingi ya mwisho. Kama lina namba za Bara, pata kwanza hesabu ya ushuru kwa maandishi.

Kuhusu fedha: una milioni 15, usinunue gari la milioni 15. Ishia kwenye 11. Nne zinazobaki ni za mwezi wa kwanza, na zina kazi yake: mkanda wa taiming na pampu ya maji kwa pamoja, oili zote za injini, gia na difu, mafuta ya breki, boljointi, na matairi manne. Tairi lisome ubavuni, kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. 3222 maana yake lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2022. Lenye zaidi ya miaka sita liache hata kama meno yake ni mapya, jua letu linakausha mpira. Na chagua gari lenye springi za kiwandani. Lililokatwa springi likae chini linapendeza kwenye picha, kisha matuta yanakula bampa, silensa na mgongo wako. Redio itakukera, zile za Japani nyingi zinaishia 90 kwenye FM, lakini kuna kifaa kidogo cha bei nafuu kinachotatua hilo, kwa hiyo lisikupotezee usingizi.

Siku ya kulivusha, likisafiri kwenye sitaha litakunywa maji ya chumvi njia nzima. Likishuka Pemba lipeleke moja kwa moja likapigwe maji ya bomba chini, ndani ya mapaja ya matairi, kabla hujakwenda kuwaonesha wenzako. Na iwe ada kila urudipo kutoka pwani.

Jambo moja zaidi, na hili naliandika kwa moyo mzito kwa sababu nimeshazika vijana. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halikusamehei kwenye mvua ya kwanza ya vuli. Barabara imekaa miezi na vumbi na matone ya oili, na dakika kumi za mwanzo za mvua zinaifanya kama sabuni. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma inakuja mbele. Jifunze mizunguko ya usukani na breki zake kiangazi, pahala peupe pasipo watu, uwe peke yako. Miezi mitatu ya mwanzo usipakie rafiki zako wanne wanaotaka kuona lina kasi gani.

Sasa fanya hivi. Vuka Jumamosi, nenda na fundi na umlipe siku yake kamili, usione uchungu. Mwenye Altezza mwambie asiiwashe mpaka mfike. Ukishatoka chini yake, kabla hujazungumza bei, nitumie picha tatu: kizingiti cha kushoto, shimo la tairi la akiba, na stika ya mkanda kama ipo. Nitakujibu siku hiyo hiyo.